Ndama Niliyesema Amekufa

Emiliana mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga bibi yako, na kwa bibi hutoki kabla hujanywa uji na kusikiliza habari zote za mguu wake. Kwa hiyo nina mchana mzima. Joakim nimemtuma shambani akang'oe maharage yaliyobaki. Nimekaa mezani na daftari lako la kidato cha nne, naandika kwenye kurasa za nyuma ambazo hukuzimaliza.

Habari za chandarua na sweta sitakuandikia. Wewe ndiye muuguzi, utanifundisha mimi. Maharage yako yako kwenye mfuko mwekundu, na habari hizo zimeishia hapo.

Nataka kukuandikia habari ya wivu wangu.

Usicheke. Najua mnanisema wewe na kaka yako, kwamba mama akisikia jina la shangazi anakunja uso kama aliyelamba shubiri. Ni kweli. Uliponiambia umepangiwa zahanati Hanang, tena kule chini tambarare, tena mwendo wa miguu tu kutoka kwa shangazi yako Basilisa, nilisema "Mungu ni mwema," nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji wakati pipa limejaa. Nchi hii ina wilaya ngapi jamani? Halafu Joakim, ambaye hajawahi kuficha hata kikohozi, akaniambia, "Mama, hakupangiwa tu. Aliomba mwenyewe."

Kumbe! Ulinidanganya ili nisiumie. Nilinuna siku tatu, uliniona, ukadhani ni jino. Siku ya nne nikakumbuka ni nani aliyeanza kusema uongo nyumba hii kwa sababu ya shangazi yako. Ni mimi, mwanangu. Wewe ulijifunzia hapa hapa.

Kesho jioni utafika kwake, na kuna kitu utakikuta zizini. Nataka ukisikie kwangu kabla hujakiona kwa macho. Lakini nikikisema hivi hivi utanichukia kabla hujanielewa, kwa hiyo niache nianze mbali kidogo.

Unajua nilivyokua, ingawa sikuwahi kukusimulia vizuri. Nilikuwa na miaka tisa nikilala peke yangu kwenye kibanda cha shambani kufukuza nguruwe pori na nungunungu. Baba yangu alikuwa mtu wa pombe na fimbo. Asubuhi nikirudi, alihesabu mahindi yaliyoliwa, hakuniuliza kama niliogopa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilipopata watoto niliapa, nikiwa bado kitandani na Joakim kifuani, kwamba huyu hataijua hofu. Na kweli hakuijua. Kijito cha hapo chini nilimvusha mgongoni hadi akafika miaka kumi, miguu yake inaburuta majini, watu wa hapa Maretadu wananicheka. Akigombana na mwenzake, ninakwenda mimi. Akiogopa mtihani, naenda kwa mwalimu kusema mtoto anaumwa. Niliita hayo mapenzi, na yalikuwa mapenzi, lakini hayakumwachia mtoto nafasi ya kushinda kitu chochote yeye mwenyewe.

Na wewe ningekufanyia vile vile. Ila baba yako aliniwahi.

Unakumbuka ng'ombe wetu wawili walikuwa kwa shangazi yako, kwa sababu huku juu kila kipande ni shamba na hakuna pa kuchungia. Mume wake alipofariki, wanawe wakiwa wameshaoa na kuhama, baba yako akasema, "Mtoto afuate ng'ombe." Ndivyo watu wetu walivyofanya siku zote, mtoto anakwenda kukaa kwa shangazi, anasaidia, anarudi na ndama wake. Nilikataa. Nikasema yuko darasa la sita, ana miaka kumi na tatu, hajui hata kufunga mlango bila kuniita. Baba yako akasema shule ipo kule pia, atachunga Jumamosi na likizo, na Jumapili akitoka kanisani. Akasema jambo moja lililonikera zaidi ya yote: "Huyu umekwisha kumfunga kamba, Mama Joakim. Mwache apumue." Nilimnunia mwezi mzima.

Ulikwenda. Ukapiga simu kwa simu ya shangazi ukilia, ukisema maji ni mbali, ng'ombe hawakusikii, miiba imekumaliza nyayo. Nikisikia unalia, naomba Mungu anisamehe, nilikuwa najisikia vizuri. Nilijua unanihitaji. Halafu miezi ikapita, simu zikawa fupi, kilio kikaisha, ukaanza kunisimulia habari za Jumatatu. Ndama jike mwekundu mwenye doa jeupe begani, aliyezaliwa siku ya Jumatatu ukiwa wewe umemshika mama yake pembe. Shangazi alikuwa amekwambia ukimaliza miaka miwili huyo ni wako. Jumatatu amefanya hiki, Jumatatu amekula kitambaa cha kichwa. Mimi hukuniuliza hata habari.

Basi nikapanda basi nikaja.

Nadhani siku ile wewe unaikumbuka kwa namna yako. Mimi nakusimulia yangu. Nilishuka Endasak, nikachukua pikipiki, nikafika kwa wifi yangu mchana, nikakuta nyumba haina mtu. Jirani akanionyesha kwa mkono, wako kule korongoni. Akaniambia juzi juzi fisi alichukua mbuzi mle mle, mchana kweupe, mtoto akiwa anaangalia. Nikakimbia na begi kichwani.

Nikamkuta shangazi yako amekaa juu ya jiwe, fimbo magotini, ametulia kama mtu anayesubiri misa ianze. Na wewe uko kule mbele, peke yako, na ng'ombe, unaingia kwenye lile korongo.

Nikapiga kelele. "Wifi! Mtoto ataliwa!"

Hakuinuka. "Karibu wifi," akasema. "Pole na safari. Usimwite."

"Nisimwite? Huyo ni mwanangu!"

"Najua. Siku ya kwanza nilimshika mkono. Jana nilikuwa nyuma yake. Leo amesema mwenyewe nikae hapa." Akasema taratibu, na macho yake hayakukuacha hata mara moja. "Nipo, wifi. Anajua nipo."

Nilisimama pale. Niliona mgongo wako, gauni lile la kijani lililokuwa fupi tayari. Ulisimama kwenye mdomo wa korongo muda mrefu sana. Ukageuka kuangalia jiwe, ukainua fimbo, shangazi akainua yake. Ukaingia. Nilihesabu pumzi zangu. Halafu ng'ombe wakatokea upande wa pili, mmoja mmoja, na nyuma yao wewe, na ukaanza kukimbia kuzunguka kurudi kwetu, unapiga kelele, "Ayo! Nimepita! Ayo, nimepita!"

Ayo. Mama, kwa lugha yetu. Neno ambalo mara ya mwisho mimi kuitwa na wewe ulikuwa na miaka mitano, kabla shule haijakugeuza uniite mama kwa Kiswahili. Nilifungua mikono, mwanangu. Naona aibu kuandika lakini nilifungua mikono yote miwili, begi likaanguka. Na wewe ukanipita, ukaenda kwake.

Halafu ndipo ukaniona. Ukajifuta jasho, ukanyooka, ukasema, "Shikamoo mama."

Shikamoo! Nimeisikia maelfu ya mara na sijawahi kuumizwa nayo kama siku ile. Ulinisalimia kwa heshima yote, kama anavyosalimiwa mgeni.

Jioni shangazi yako alinichinjia kuku. Nilikuwa namwangalia anavyokukaripia kwa sababu ya ndoo na wewe unacheka, nikawaza, huyu mwanamke ananiibia mtoto mbele ya macho yangu na ananipa paja la kuku juu yake. Sikuona kwamba ulikuwa umerefuka, umenyooka, unamwangalia mtu usoni. Au niliona, na hilo ndilo lililoniumiza. Kitu kizuri kilikuwa kimekutokea na mimi sikuwemo.

Ulipomaliza mtihani wa darasa la saba, mlikuwa mmepatana ubaki kule, uanze sekondari kule kule. Nikampigia wifi simu, nikasema naumwa tumbo, siwezi kuinuka, mtoto aje haraka. Nilikuwa nimesimama nikisema hivyo, napepeta mahindi. Ukaja mbio. Sikukuruhusu kurudi tena.

Ulikuwa kila siku unauliza habari za Jumatatu. Lini tutamfuata, nani anampa chumvi. Nilijua siku utakayomfuata yule ndama hutarudi. Basi nikampigia shangazi yako, nikamwambia, "Wifi, mwambie mtoto ndama amekufa."

Akasema, "Mimi sitasema amekufa. Lakini sitasema lolote. Ni mwanao."

Nikakwambia mwenyewe. Nilikuita pale jikoni, jiko la zamani, nikasema Jumatatu ameshikwa na ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, hawakumuwahi. Ulikaa chini kwenye majivu. Hukula siku mbili. Na usiku wa pili ulikuja ukaweka kichwa chako mapajani kwangu, kwa mara ya kwanza tangu urudi, ukalia hadi kanga yangu ikalowa. Nilikupapasa nywele. Emiliana, nilifurahi. Nimebeba furaha hiyo miaka kumi na imenioza ndani.

Jumatatu hakufa. Yuko hai mpaka leo. Amezeeka, amezaa mara sita, na shangazi yako hajauza hata mmoja wa kike. Wote wako pale kwa jina lako. Kila likizo uliyotaka kwenda kumsalimia shangazi na mimi nikapata sababu, mara kupalilia, mara harusi, mara naumwa, sababu ilikuwa ni hiyo. Alipokuja kumzika baba yako alikaa nawe siku saba, mkalala kitanda kimoja, na hakutamka. Nilikuwa nakesha nikiwasikiliza mnavyonong'ona, nikisubiri aseme. Hakusema. Afadhali angesema, ningepata cha kumchukia.

Nimefika kwenye siku ya baba yako. Sikutaka kufika, lakini bila hiyo hutaelewa kwa nini naandika.

Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Asubuhi ile baba yako alitoka kufungulia mbuzi, na kile kipande cha mlima nyuma ya nyumba kikashuka. Hakikupiga hata kelele kubwa. Kilichukua banda, kikachukua jiko, kikamchukua yeye. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mimi nilikaa kwenye tope nikasahau kuinuka. Joakim, mwanamume wa miaka ishirini, alikimbia hadi barabarani akasimama pale amejishika masikio. Na wewe ulizunguka nyumba ukitugusa mmoja mmoja begani, "Mama yupo. Bibi yupo. Joakim yupo." Ukamtuma jirani na pikipiki kwa mtendaji wa kijiji. Ukawatoa watu kwenye mteremko ukisema udongo mwingine unaweza kushuka, na kweli ulishuka. Halafu walipompata baba yako, ndipo ukalia, ukalia kweli kweli, na mimi sikuweza hata kukushika.

Sisemi hukuumia. Najua uliumia. Miezi ile ulikuwa unakuja unasema wazi, "Mama, leo nina huzuni, nitakaa kidogo," unakaa kwenye jiwe la kufulia, unalia, unainuka, unakwenda shule. Mimi sikuinuka. Mwaka mzima na nusu tulikula kwa mikono yako. Na kaka yako wingu likitanda tu anatoka nje, anasimama katikati ya shamba analowa mpaka linapita.

Unakumbuka nilipompeleka hospitali Haydom. Yule dada mshauri, mdogo tu, anaweza kuwa mwanangu, aliniuliza habari za nyumba yetu yote. Nikamsimulia kaka yako, nikajisimulia mimi na kibanda changu cha nguruwe pori, nikakusimulia wewe na korongo. Akasikiliza bila kuandika. Mwisho akasema, "Mama, hatujui kwa hakika, na watu hawafanani. Lakini huenda mtoto akipata ugumu unaolingana na umri wake, akaushinda, na pembeni pana mtu wa kumwambia nipo, mwili na akili vinajifunza kwamba hofu inapita. Akija kupata jambo kubwa baadaye, linamkuta ameshapita njia ile. Ugumu ukizidi, unavunja. Na usipokuwepo kabisa, siku ya kwanza inakuwa kubwa mno."

Nikamwuliza, "Na huyo mtu wa pembeni lazima awe nani?"

Akatabasamu. "Yeyote, mama. Anayempenda."

Yeyote! Nilitoka pale nimekasirika kama nimetukanwa. Kwenye basi nilikuwa nabishana naye kichwani. Mtoto nimzae mimi, nimnyonyeshe mimi, halafu yeyote? Nilimwonea wivu shangazi yako kwa ajili ya jiwe. Kwa kukaa tu juu ya jiwe, asikukimbilie, asikuache. Mimi nilijua kubeba na nilijua kupigwa. Kukaa kwenye jiwe hakuna aliyenionyesha.

Na wewe pia nilikuonea wivu, nikwambie ukweli wote. Nilikuwa nimelala kitandani nikikusikia unamwimbia bibi yako uani, nikawaza, kwa nini yeye? Mimi niliyeteseka zaidi, mbona sikupata hiyo nguvu? Mama mzima namwonea mwanangu wivu kwa kuwa anasimama. Ndiye mtu aliyekuzaa huyo.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo nimekuwa nikijidanganya. Baada ya maneno ya yule mshauri nilitafuta njia ya kujiosha. Nikasema, kumbe hata ile habari ya Jumatatu ilikuwa ugumu wa kiasi. Mtoto amefiwa na ndama, amejifunza kufiwa, ndiyo maana alimudu msiba wa baba yake. Nilikaribia kujipongeza! Ng'o. Fisi alikuwa fisi kweli, na mtu alikuwepo kwenye jiwe. Ndama hakufa, na mtu aliyekupapasa nywele ndiye aliyekuumiza. Hilo halikukukomaza. Nililifanya kwa ajili yangu. Usije ukanisaidia kulipamba, nakujua, utajaribu.

Joakim anaendelea, umeona. Hilo jiko jipya analojenga, nimeacha kumsaidia kushika kamba. Juzi mvua ilinyesha yuko ndani, akaja mlangoni, akasimama, akanitazama. Nikabaki kwenye kigoda changu na maharage yangu. Nilitamani kuruka nimshike. Nikasema tu, "Nipo baba." Akarudi ndani. Nilipoangalia mikono yangu, nilikuwa nimeponda maganda yote. Nimejifunza nikiwa na miaka hamsini na mbili, na mwalimu wangu ni yule ninayemkunjia uso.

Juma lililopita nilimpigia. Nikasema, "Wifi, mtoto anakuja, atawaona ng'ombe." Akasema, "Mwambie wewe. Mimi nimekaa kimya miaka kumi, siku moja zaidi hainishindi." Halafu akaniambia Jumatatu hadi leo akiitwa kwa jina anageuka. Wachungaji wengine wote wanampigia mluzi, lakini shangazi yako mwenyewe, kila jioni, anamwita kwa jina ulilompa, ili asilisahau.

Nilikata simu. Sikuweza kusema asante, na hilo pia utanisaidia kulifikisha.

Barua hii nilitaka kuifukia kwenye begi, chini ya sare zako, uisome ukiwa kwenye basi, mbali na uso wangu. Nimebadilisha mawazo nikiandika. Nitakupa mkononi leo, ukishakula. Utasoma chumbani, mimi nitakuwa nje kwenye kigoda. Naogopa, mwanangu. Lakini acha niogope, ni hofu inayolingana na umri wangu.

Kule utakapokwenda mwite upendavyo. Mwite ayo, amelifanyia kazi. Ila mbele yangu ningojee kidogo, huko bado sijafika.

Ukimaliza kusoma usikimbilie kunionea huruma, na usiniambie yamekwisha kama hayajaisha. Ukitaka kulala bila kusema nami, lala. Ukitaka kupanda basi bila kuniaga, panda, nitakuwa barabarani upande wa pili. Na ukitaka kuja kunifokea, njoo. Sitainuka, sitajitetea, wala sitasema naumwa tumbo.

Nipo.

Mama yako